Mazabodi Nane Nilizozichagua Mimi

Nakundwa mwanangu,

Baba yako amelifunga begi lako kwa kamba ya katani, akalifungua, akalifunga tena, kwa sababu hana jingine la kufanya na mikono yake leo. Ameniambia nikuandikie habari za chakula na baridi ya asubuhi ya Dodoma. Sitaandika. Una miaka ishirini na mitatu, umeshaugua na kupona peke yako chuoni, na nikianza kukukumbusha sweta utanicheka. Nina jambo moja ambalo nimekuficha tangu ukiwa darasa la sita. Nitaliandika kwa hasira, kwa sababu nimejaribu kuliandika kwa upole mara mbili na karatasi zote mbili nimezichana.

Jana tukila ulitueleza kazi yako. Ulisema kampuni yenu inaunganisha kompyuta ndogo za mezani kwa ajili ya shule na zahanati, na wewe ndiye utakayechagua mazabodi. Baba yako akauliza hiyo ni nini. Ukamweleza vizuri kuliko ninavyowaeleza wateja wangu, kwamba ni ule ubao ambao vingine vyote vinachomekwa juu yake, prosesa, ramu, diski, na kwamba ubao ukiwa mbovu hakuna kilicho kizima. Alifurahi mpaka akasahau kula. Mimi nikanyamaza. Ukaniuliza, "Mama, hujafurahi?" Nikasema nimefurahi, na ni kweli. Lakini sikuweza kuendelea kukutazama.

Unamkumbuka mama mdogo Namsifu? Hakuwa ndugu yetu, ila ndivyo ulivyomwita. Alikuwa karani kwenye ile shule ya sekondari ya kule juu milimani. Unaijua, sitaliandika jina lake. Jumamosi akishuka Same alikuwa analala kwetu, anakusuka nywele mkiwa mmekaa barazani, nawe unalalamika kwamba anakaza. Halafu akaacha kuja. Uliniuliza mara mbili, nikakuambia amehama.

Nilikudanganya. Namsifu hakuhama. Alifukuzwa kazi, na mimi nilisaidia kumfukuza.

Ili unielewe, sikiliza kwanza nilikuwa mtu wa namna gani. Nilipofungua kibanda changu pale karibu na stendi, hakukuwa na mwanamke mwingine Same aliyekuwa anafungua kompyuta. Siku moja aliingia mwanamume amebeba mashine yake, akatazama huku na huku, akauliza fundi yuko wapi. Nilikuwa nimeshika bisibisi. Nikamwambia fundi ni mimi. Akacheka, akasema basi atamsubiri mume wangu. Baba yako wakati huo alikuwa Myamba kwenye tangawizi zake, na wewe unajua kwamba baba yako hawezi hata kubadilisha balbu. Yule bwana alikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa nane. Nilimwacha akae.

Wa aina hiyo walikuwa wengi. Kila mmoja aliniongezea hasira, nami nikaapa kwamba hakuna mtu atakayenikuta na kosa. Nilidhani ni kiapo cha fundi mzuri. Kumbe ni kiapo cha hatari, Nakundwa. Mtu aliyeapa kutokutwa na kosa, siku akikosea, la kwanza analotafuta ni mahali pa kulitupa.

Shule ile ilitaka kompyuta nane. Chumba walichokuwa nacho kilikuwa stoo ya zamani, meza nyembamba, dirisha moja, kwa hiyo wakataka za makasha madogo. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa. Niliandika orodha yangu kwa makini, na juu kabisa niliandika mazabodi ninayoitaka, kwa sababu kasha dogo halina huruma. Kwenye kasha kubwa ukikosea, joto lina pa kukimbilia, na kuna nafasi ya kuongeza hiki na kile baadaye. Kwenye kasha dogo kila kitu kimebanana, ubao unabeba mzigo wote, na ulichokosea siku ya kununua utabaki nacho. Niliyoitaka ilikuwa na kapasita imara, vile vimkebe vidogo vya kutunza umeme, zinazovumilia joto, vipande vya aluminiamu vya kupozea pale umeme unapoingilia kwenye prosesa, na waranti ya maandishi. Nilijua kule juu umeme unakatika na kurudi kwa kishindo. Nilijua ukungu unavyoingia mpaka ndani ya kabati. Sikuwa mjinga. Nataka ulikumbuke hilo utakapokuwa unasoma yanayofuata, usije ukanitafutia kisingizio cha ujinga.

Nilikwenda Moshi kwa muuzaji mmoja ambaye nilikuwa nimezoea kununua kwake vitu vidogo vidogo. Akasema ile ninayoitaka imekwisha, itachukua wiki sita, lakini anayo nyingine ya ukubwa uleule. Mkuu wa shule alikuwa ananipigia simu kila siku. Mahafali yalikuwa yamekaribia, wageni wa wilaya wangekuja, na alitaka wazikute kompyuta mezani. Muuzaji aliniona ninavyohangaika na simu. Akaniambia, "Mama, bodi ni bodi. Zote zinafanya kazi moja, tofauti ni boksi tu."

Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo damu inanichemka. Bodi ni bodi. Ni sawa na mtu akuuzie dari iliyooza akuambie mbao ni mbao. Huo ni uongo unaosemwa na watu ambao hawatakuwepo siku ubao utakapokufa, na wanawauzia watu ambao hawana namna ya kufungua kasha kuona kilichomo. Walimu, wauguzi, makarani. Watu wanaoamini stika.

Lakini mimi nilikuwa na namna ya kuona. Nilifungua boksi moja pale pale kaunta. Boksi lilikuwa jipya, nailoni mpya, stika inang'aa. Ubao wenyewe, matundu ya skrubu yalikuwa yamekwanguka mduara, kama yanavyokwanguka pale skrubu ilipokazwa na kufunguliwa. Nikaunusa, ukanuka spiriti ya kusafishia. Chini ya tundu la kebo ya mtandao kulikuwa na mstari wa vumbi ambalo mtu alisahau kulifuta. Ubao mpya hauna vumbi, mwanangu. Nikamwonyesha. Akasema zilifunguliwa kiwandani kwa majaribio. Nilijua anadanganya, naye aliona kwamba nimejua, tukatazamana kidogo, kisha nikamwambia anifungie zote nane.

Niliziunganisha kwa siku nne. Zikawaka zote. Siku ya mahafali mkuu wa shule alinisimamisha mbele ya wazazi akasema huyu ndiye fundi wetu, mwanamke kutoka Same, na watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimesubiri makofi yale miaka mingi. Niliyapokea yote.

Ufunguo wa chumba alikabidhiwa Namsifu. Hakuwahi kugusa kompyuta kabla ya hapo, ila alijifunza haraka kwa sababu hakuona haya kuuliza. Alikata kanga zake mbili za zamani, akazishona vifuniko nane vya kuzikinga mashine na ukungu. Wanafunzi wakimaliza, alikuwa anazizima moja moja, anasubiri mpaka feni inyamaze, ndipo anafunika. Nilimwona kwa macho yangu. Hakuna mtu katika shule ile aliyezitunza mashine zile kuliko yeye.

Muhula uliofuata moja ilianza kuzima na kuwaka yenyewe. Namsifu akanipigia simu. Unajua nilimjibu nini? Nilimuuliza aliizimaje. Hilo ndilo lilikuwa swali langu la kwanza. Sikumuuliza inaonyesha nini wala inanukaje. Nilianza na mikono yake. Akanieleza kwa utaratibu, hatua kwa hatua, kama mwanafunzi anayeogopa kupigwa. Wiki mbili baadaye ikafa kabisa, kisha ya pili, kisha ya tatu. Ikabidi nipande kule juu.

Nilifungua kasha la kwanza pale stoo, yeye amesimama kando yangu. Kapasita zilikuwa zimevimba vichwa kama maandazi, mbili zimepasuka, na ubao umebadilika rangi kuzunguka prosesa. Nikafungua la pili, yaleyale. Hapo mkuu wa shule akaingia, akasimama mlangoni, akauliza kama tatizo ni mashine au ni matumizi.

Nilikuwa nimeinamia ubao. Ningeweza kumwita aje aone, mtoto mdogo angeona. Nikasema, "Inaweza kuwa matumizi."

Maneno matatu. Namsifu alikuwa ameshika vifuniko vyake vya kanga, amevikunja vizuri. Alinitazama tu, akingoja niendelee, kana kwamba sentensi yangu haijaisha. Mimi nikarudisha skrubu.

Baada ya siku kumi alipewa barua. Walimwandikia uzembe. Hakuwa mwajiriwa wa serikali, alikuwa analipwa na kamati ya wazazi, kwa hiyo hapakuwa na kikao wala utetezi. Aliondoka na watoto wake wawili wakarudi kwao upande wa Ziwa Jipe. Hakupita kwetu. Nilipopata habari nilijiambia kwamba mimi sikusema ni yeye, nilisema inaweza kuwa. Nililishika hilo neno "inaweza" kama mtu anayeng'ang'ania ukingo wa shimo. Nilipika, nilifungua kibanda, Jumapili niliimba kwaya. Watu wanaamini kwamba dhamira ikisuta mtu halali. Mimi nililala vizuri sana, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Kilichoniamsha hakikuwa dhamira. Ilikuwa hasira. Nafasi ya Namsifu alipewa kijana mmoja wa kiume, mpwa wa mjumbe wa kamati. Kati ya mashine tano zilizobaki, tatu zikafa mikononi mwake ndani ya mwezi mmoja. Mkuu wa shule akanipigia simu, akaniambia kwa sauti ya huruma kwamba umeme wa huku unaua mashine, kijana wa watu anahangaika bure. Umeme. Mikononi mwa Namsifu ilikuwa uzembe, mikononi mwa yule ikawa umeme. Nilikata simu. Nilianza kusema peke yangu pale kibandani, nikawalaani mkuu wa shule na kamati nzima, na dunia hii inayomwona mwanamke akiwa karibu na kitu kilichoharibika ikasema basi, amekwisha kupatikana aliyekiharibu. Nikasema maneno hayo kwa muda mrefu, na yote yalikuwa kweli. Kisha nikafika mwisho wake, nikajikuta pale. Aliyewapa kamba ya kumfungia ni mimi. Nilikuwa nimelilinda jina langu la fundi kwa kusimama juu ya shingo ya mwanamke mwenzangu, rafiki yangu, mtu aliyekuwa anakusuka nywele.

Mkutano wa wazazi uliofuata nilikwenda nimebeba kwenye mfuko mazabodi sita nilizozitoa kwenye mashine zilizokufa. Mkuu wa shule aliponiona na ule mfuko alinifuata nje, akaniomba tuyamalize ofisini. Nikakataa. Niliziweka mezani mbele ya watu, nikawaonyesha kapasita, nikawaonyesha matundu yaliyokwanguka. Nikawaambia kwamba bodi hizi zilikuwa chakavu tangu siku ya kununuliwa, kwamba nililiona hilo dukani nikanunua, na kwamba karani hakuwa na kosa. Mkuu wa shule akainuka kwa tabasamu akasema yaliyopita si ndwele. Nikamwambia ndwele ipo, mwalimu, ipo Jipe, haina kazi.

Kulikuwa na mzee mmoja nyuma, mkulima wa kutoka Bombo, mjukuu wake alikuwa anasoma pale. Akauliza taratibu, "Kwa hiyo yule mama hakuharibu kitu?" Nikamjibu hakuharibu kitu hata kimoja. Nilidhani sasa ndipo. Nilidhani mtu atasimama aseme aitwe, aombwe radhi, arudishiwe kazi yake. Mwenyekiti akakohoa, akafungua daftari lake, akasema tuendelee na ajenda ya choo cha wavulana.

Ndivyo ilivyokuwa. Ninakuandikia hivi usije ukadhani kwamba ukisema kweli milango inafunguka. Barua ya kumsafisha Namsifu haikuandikwa. Niliifuatilia mara tatu, kila mara nikaambiwa iko kwenye mchakato. Yule muuzaji wa Moshi nilimrudia na bodi zake, akaniambia nilizifungua mwenyewe kaunta nikaridhika, na hapo alisema kweli. Bado anauza. Mimi nilibadilisha mazabodi zote nane kwa mfuko wangu, taratibu, kila nilipopata, na safari hii nilisubiri zile nilizokuwa nimeziandika mwanzo. Saba bado zinafanya kazi. Wateja wengine walinikimbia baada ya mkutano ule, na yule bwana wa benchi nasikia alisema aliwaonya.

Kisha nikaenda Jipe. Baba yako alitaka kunisindikiza, nikamkatalia. Nilimkuta Namsifu nyuma ya nyumba ya mama yake anageuza samaki juani. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Alinawa mikono, akanipa kigoda, akaenda kuniletea uji, na nilipokuwa nakunywa alikaa mbele yangu. Nikamweleza yote: duka, vumbi, stika, maneno yangu matatu. Sikulia, kwa sababu niliona nikilia atalazimika kunibembeleza.

Alinipokea bakuli la uji. Kisha akasema, "Mama Nakundwa, mimi sikuwa najua kompyuta. Nilikuwa najua kwamba wewe unajua. Siku ile nilikuwa nakusubiri."

Nikamwomba anisamehe. Akasema, "Nimekusikia." Basi. Hakusema amenisamehe, wala sijamuuliza tena, kwa sababu si deni la kwenda kudai. Alinisindikiza mpaka njiani. Aliuliza habari zako, kama bado unalalamika ukisukwa. Tangu hapo tunapigiana simu wakati wa Pasaka na Krismasi, tunaulizana hali, tunaagana. Ule urafiki wa Jumamosi haukurudi.

Sasa unajua kwa nini jana sikukutazama. Wewe unakwenda kukaa mahali nilipokuwa nimekaa mimi, tena penye watu wengi zaidi. Mimi ilikuwa shule moja. Zako zitakuwa shule ambazo hutazijua hata majina. Utaletewa bodi kwenye maboksi mazuri. Atakuja mtu mwenye tai akuambie bodi ni bodi, na bosi wako atakuwa na tarehe yake, na tarehe daima ni kesho. Wapo watakaoingia chumbani mwako waulize fundi yuko wapi. Kasirika, sikukatazi. Mimi bado nina hasira na sioni sababu ya kuipoza. Bila hiyo nisingepanda ule mlima na mfuko wangu. Ila itazame inaangukia kwa nani. Yangu ilianza kwa yule mwanamume wa kwenye benchi, ikaishia kwa Namsifu, ambaye hakuwahi kunifanya lolote ila kuniamini.

Unusapo ubao ukanuka spiriti, urudishe, hata kama mahafali ni kesho. Nisingependa ulijifunze hilo kama nilivyojifunza mimi.

Na siku moja simu italia, kwa sababu hata ubao mzuri hufa. Atakuwa karani au muuguzi wa mahali ambapo hujawahi kufika, atasema mashine imezima, na kabla hujauliza chochote ataanza kujitetea, aliizimaje, aliifunikaje, nani mwingine alikuwa na ufunguo. Mkatize kwa heshima. Mwambie asijitetee, aliyeichagua ni wewe. Kisha ndipo umuulize ni taa gani inayowaka.

Mama yako, anayekupenda na ambaye sasa unamjua zaidi kidogo.